Kitaulo cha Mgongoni

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nimekaa kwenye benchi la bustani huko Guangzhou, mdogo mgongoni, mkubwa anakimbia huku na huku kwenye majani, na katika umati wote ule hakuna mtu hata mmoja anayejua jina langu. Wewe unayejiandaa kupanda ndege na watoto, nisikilize kidogo. Mimi shule niliishia darasa la saba kule Kahama, maneno ya kitabuni sina. Ninayo haya niliyoyaona, na majina ya walionifanyia nitayataja, maana nimeyanyamazia vya kutosha.

Mume wangu aliitwa Sospeter. Alikwenda China kununua jinzi na kuzituma nyumbani, biashara ikakaa vizuri, akatuita tumfuate: mimi, binti yetu Kabula aliyekuwa na miaka minne, na Masanja aliyekuwa bado ananyonya. Tukapanga chumba Xiaobei, juu ya mtaa wa Dengfeng, mahali ambapo ukichungulia dirishani unaona Waafrika wengi kuliko stendi ya Kahama. Ungesema nimefika kwetu. Lakini watu wale walikuwa wa kupita tu. Unamzoea dada mmoja leo, kesho kutwa kasharudi Dar na mizigo yake, nafasi yake kakaa mwingine asiyekujua. Sospeter anatoka asubuhi, anarudi amechoka, anakula huku anaongea na simu. Mimi na watoto na kuta.

Ndiyo maana Jumapili ilikuwa siku yangu. Baada ya ibada, tuliyokuwa tunafanya sebuleni kwa mtu, Sospeter anabaki kuongea biashara na wenzake, mimi nachukua watoto nakwenda bustanini. Kuna kilima, kuna ziwa la boti za kukanyaga, na juu kabisa kuna sanamu kubwa ya mbuzi wa mawe. Kabula aliwapenda wale mbuzi. Aliwapa majina ya watu wa nyumbani: mwenye pembe kubwa akawa Babu, aliyeinama akawa Bibi, anayenyonyesha akawa Shangazi Minza. Basi tukifika tunawasalimia kwa Kisukuma, mmoja mmoja, tunawapa habari za wiki. Watu wanapita, wanacheka, wanampiga Kabula picha, wanamshika nywele. Mimi nacheka nao. Lakini nikuambie kweli, kuna siku nilikuwa namweleza yule Shangazi Minza habari zangu machozi yakanitoka, maana katika mji ule ni yeye tu aliyekuwa ananisikiliza mpaka mwisho.

Pale bustanini ndipo nilipojifunza mambo ya kitaulo. Joto la Guangzhou si kama la kwetu. Ni la majimaji, linakushika kama umevaa nguo iliyotoka kufuliwa. Siku hiyo Kabula kakimbia mpaka gauni limemganda. Bibi mmoja wa Kichina aliyekuja na mjukuu wake akanijia, anaongea kwa ukali kama ananigombeza, akaniashiria nimtazame mjukuu wake mgongoni. Ndani ya shati mlikuwa na kitaulo kidogo kimelala mgongoni, ncha yake imetokeza nyuma ya shingo kama ulimi. Akakivuta, kimelowa. Akaingiza kingine kikavu. Mtoto hata hakuacha mchezo wake, aliinua mikono tu, akainama kidogo, akaendelea. Kumbe wao wanaona jasho likikaukia mgongoni ndilo linaloleta kikohozi. Yule bibi akatoa cha akiba akamwekea Kabula wangu, akanipigapiga begani, akaenda zake. Ndiye mtu pekee aliyenigusa wiki ile.

Tangu hapo sikutoka bila vitaulo mkobani. Nilinunua vyenye bata wa njano ameshonwa kwenye ncha. Kabula akazoea. Nikimgusa shingoni tu, mikono juu, kichwa chini, kimetoka, kimeingia, anakwenda zake kwa mbuzi.

Mwaka ule wa Olimpiki mambo yakabadilika. Visa zilizokuwa zinaongezwa bila maneno zikagoma. Ukienda kuuliza unajibiwa meiyou, hakuna, rudi kwenu. Wengi hawakurudi, mizigo iko nusu, viwandani wameshaagiza. Sisi visa zetu zote zilikufa tukiwa palepale. Polisi wakawa wanasimama kwenye daraja la waenda kwa miguu la barabara ya Huanshi na kwenye milango ya majengo ya biashara, wakiona mtu mweusi mkono unanyooshwa: pasipoti. Nimeona wanaume wazima wakiacha ndala barabarani. Jumapili zangu zikaisha. Tukafunga pazia. Kabula ananiuliza Babu anaendeleaje kule juu kilimani, namwambia amelala. Anauliza atalala mpaka lini.

Hapo ndipo anapoingia Deus. Deus wa Geita, wakala wa kusafirisha mizigo, mtu wa maombi, ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo zetu za Jumapili. Pasipoti za watoto alikuwa nazo yeye, alisema anazishughulikia. Akaja akaketi kitandani kwetu, maana viti hatukuwa navyo, akasema, "Shemeji, mtoto ataharibika humu ndani. Nipe nikamtembeze, angalau apate jua." Nikamshukuru. Nilimvalisha Kabula gauni, nikamwekea kitaulo, nikampa Deus kingine kikavu na kumwonyesha namna ya kubadilisha. Alirudi na Kabula ameshika puto na soseji ya kijiti. Moyo wangu ukatulia. Akaja tena, na tena.

Kitaulo ndicho kilichoanza kunisumbua. Kila Kabula akirudi, kile cha mgongoni kimelowa chapachapa, nikikamua kinatoa maji, na kile cha akiba Deus ananirudishia kimekunjwa vilevile nilivyokikunja mimi. Nikasema moyoni, ah, mwanaume, hajui mambo haya. Halafu siku moja namwona Kabula amemkalisha Masanja sakafuni, anamfundisha mchezo. "Mjomba Deus akikimbia, wewe unakaa chini. Hulii. Humjui mtu. Hata mama ukimwona, humjui." Masanja anacheka, Kabula anampiga kakofi ka mguuni. "Usicheke. Polisi anakuona."

Nikamuuliza Sospeter. Hakuniangalia. Kumbe yeye anajua, na wenzetu wote wanajua, mimi peke yangu niliyefungiwa na pazia ndiye sijui. Polisi walikuwa hawamsimamishi sana mtu mwenye mtoto begani. Wanamwona ametulia, mtu wa familia, mtu mwenye karatasi. Basi wenye visa zilizokufa wakawa wanaazimana watoto. Mtu akisema anakwenda kumtembeza mtoto, maana yake anapita naye darajani, anaingia naye sokoni, anakagua mzigo wake, anarudi naye. Hilo puto lilikuwa sehemu ya kazi. Mtoto mwenye puto anaonekana mbali.

Sospeter akasema, "Deus ndiye anayetutolea mzigo. Nimkatalieje? Na mtoto mwenyewe anafurahi."

Siku hizo nilikuwa namsaidia Mama Tausi jikoni. Huyu alikuwa mwanamke mtu mzima wa Mombasa, ana kimgahawa cha chumba kimoja nyuma ya Dengfeng, njia ya kwenda kwake haikupita kwa polisi. Nilimsimulia nikitegemea atanionea huruma. Akaacha kukanda unga.

"Mwanao hatembezwi, mwanangu," alisema. "Avaliwa. Kama koti la mvua. Na mvua ikikatika, koti hutupwa popote."

Nikajitetea kwamba walau anapata jua. Akaniambia kwa sauti ya chini, wateja wasisikie, kwamba mtoto hutolewa nje kwa ajili yake mwenyewe. Ukimtoa kwa ajili ya haja yako, hapo hujamtoa, umemtuma, na wa miaka minne hatumwi kwa polisi. Iliniuma, kwa sababu hakupandisha sauti. Nilikwenda nikamwambia Sospeter, mtoto hatoki tena na Deus. Akakubali upesi. Kukubali kule upesi kungenishtua kama ningekuwa na akili za leo.

Ilikuwa mchana, siku ya kazi. Nimemwacha Kabula amelala karibu na baba yake, mimi niko kwa Mama Tausi naosha sahani, Masanja mgongoni. Deus akaingia, shati limemlowa, akaomba maji. Akanywa, akasogeza glasi aongezwe. Ndipo aliponiona pale kwenye sinki. Nikamtazama mkono wake wa kushoto, pale ambapo mkono wa mwanangu hukaa. Ulikuwa mtupu.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Shemeji, usinipigie kelele. Yuko salama. Nimemwacha Kangle kwa mafundi."

"Mafundi gani?"

"Wale Wachina wa cherehani. Polisi waliziba uchochoro pande zote, ningefanyaje? Na yule mtoto ni mwerevu, nilimfundisha. Hatasema kitu."

Alilisema hilo la mwisho kama ananisifia malezi yangu.

Nikampigia Sospeter. Aliposikia, akasema nisiende. "Ukienda wewe, tumekwisha wote. Subiri, Deus atatafuta Mchina akamchukue." Nikamuuliza, "Kwa hiyo wewe hutoki?" Nikasikia feni ya chumbani kwetu inavyozunguka. Mwanangu, watu hunihurumia kwamba ndoa yangu ilivunjwa na serikali ya watu wa kule. Si kweli. Iliisha pale, kwenye ile feni.

Nilipanda ngazi za majengo nikigonga kwa watu tuliokuwa tunasali nao. Sikutaka mengi, nilitaka mtu mwenye karatasi safi aende na mimi. Grace wa Arusha, ambaye kila Jumapili alimpakata Kabula tangu wimbo wa kwanza, alinisikiliza kupitia upenyo wa mlango, mnyororo bado umefungwa. Akasema tuko pamoja kwa maombi. Kisha nikasikia komeo. Milango mingine haikufunguka kabisa, ingawa viatu vilikuwa nje.

Nilipoteremka nikamkuta Mama Tausi amevua aproni, amewaambia wateja wamalizie njiani. Tukapanda teksi tukavuka mto. Kangle ni kijiji kilichomezwa na mji, nyumba zimebanana mpaka jua halifiki chini, kila mlango cherehani zinalia, marobota ya vitambaa yamepangwa hadi dirishani. Tuliulizauliza, Mama Tausi na Kichina chake cha sokoni, mpaka fundi mmoja mwanamke, uzi umening'inia mdomoni, akatuonyesha robota la kitambaa cha bluu. Mtoto alikuwa amekaa hapo, alisema. Hakulia. Walimpa chungwa, akalishika tu. Wakamsubiri aliyemleta mpaka wakakata tamaa, wakawaita polisi. Wangefanya nini tena? Akaacha kazi yake akatutembeza mpaka mahali tulipoweza kuiona taa ya kituo.

Mlangoni pa kituo Mama Tausi akasimama. "Hapa ndipo mwisho wangu, mwanangu," akasema. "Yangu visa nayo imekufa kitambo. Sikumwambia mtu." Akazunguka nyuma yangu akanikazia kitenge cha Masanja, akanivuta ukaya wa kichwani ukakaa sawa. "Ingia polepole. Usilie mpaka wakupe mtoto. Wakisha kukupa, lia utakavyo."

Ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine. Kabula alikuwa kwenye kiti cha plastiki, miguu haifiki sakafuni, chungwa mapajani. Nyuma ya meza kulikuwa na askari wa kike. Nikasema maneno niliyoyajua: mtoto, wangu. Nikaitoa pasipoti yangu kabla sijaombwa, nikaiweka mezani. Akaifungua, akafika kwenye visa, akanitazama kwa muda. Kisha akamgeukia Kabula akamnyooshea kidole kwangu na kusema, "Mama?" Neno hilo kwao na kwetu ni lilelile.

Kabula alinitazama. Alinitazama vizuri, mwanangu, usoni. Kisha akageuza macho yake ukutani.

Nikamwita jina. Nikamsemesha Kisukuma, nikamwambia twende tukamsalimie Babu kilimani. Midomo yake ilibana, lakini macho hayakutoka ukutani. Nikaelewa. Hakuwa amenikasirikia. Alikuwa ananificha. Mtoto wa miaka minne amekaa peke yake mchana kutwa kwa watu asiowajua, ananilinda mimi mkubwa, kama Deus alivyomfundisha kati ya puto na soseji. Yule askari akaifunga pasipoti yangu, akaisogeza upande wake. Uso ulikuwa umebadilika. Nadhani walishaanza kujua habari za watu wanaokuja na watoto wasio wao. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili.

Nilikuwa na nini cha kuonyesha? Pasipoti ya mtoto iko kwa Deus. Baba yake yuko chini ya feni. Ndipo nikaiona ncha ya kitaulo nyuma ya shingo ya Kabula. Yule bata hakuwa wa njano tena, amekuwa kama wa matope. Nilimwekea mwenyewe asubuhi, kabla sijaenda kazini, nikidhani ni kwa usingizi wa joto.

Nilifungua mkoba nikatoa kikavu. Nikamgusa shingoni.

Mikono ikapanda juu yenyewe. Kichwa kikainama.

Nikavuta kilicholowa, nikaingiza kikavu, nikakilaza vizuri mgongoni kwa kiganja changu chote. Akaninong'oneza, bado anatazama ukuta, "Mama, polisi anakuona."

Nikamwambia, "Aone."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikasahau agizo la Mama Tausi. Yule askari alikuja akakichukua kile kilicholowa mkononi mwangu, akakitazama, akakitundika kwenye mgongo wa kiti kikauke. Mwenzake alipoingia akamwambia neno moja tu, mwenzake akageuka akarudi alikotoka. Nadhani yule askari naye alikuwa na mtoto wake nyumbani.

Sitakudanganya kwamba walituachia. Sheria yao ni sheria yao. Tulikaa ndani, mimi na wanangu chumba kimoja, hilo walitutendea vizuri, mpaka zilipopatikana hati za dharura tukapandishwa ndege. Sospeter alisema kwa simu anamalizia mzigo anakuja. Bado anamalizia. Nasikia yuko mji mwingine kulekule na mwanamke mwingine, na watoto. Namwombea huyo mwanamke awe na macho. Deus alirudi zamani, ana duka, anatoa sadaka mbele ya watu kanisani, na tukikutana ananiita shemeji. Mama Tausi nilimtafuta kwa kila aliyetoka kule. Namba yake hailii.

Na nyumbani nako kulikuwa kupweke kwa namna yake. Watu walitaka kuona masanduku. Waliponiona na mkoba mmoja na vitaulo vya bata, hawakuuliza tena.

Kabula sasa ni msichana mrefu, ananipita kichwa. Anasema haikumbuki China hata kidogo, ila mbuzi. Nilikuwa namwamini. Juzi tumetoka naye kwenye msiba, tunarudi na basi, tumekaa kiti kimoja, amenilazia mkono begani ananisimulia mambo ya chuo. Basi likasimamishwa kwenye kizuizi, maofisa wa uhamiaji wakapanda kukagua vitambulisho kama wanavyofanya kwenye barabara ile iendayo mpakani. Sisi ni raia, kwetu ni hapo hapo, hatuna cha kuogopa. Lakini nikasikia mkono wake unaondoka begani kwangu. Akasogea dirishani. Akaangalia nje, kama mtu aliyekaa tu karibu na mama asiyemjua. Ofisa alitazama vitambulisho, akapita, akashuka. Basi likaondoka. Na mkono ukarudi taratibu palepale ulipokuwa, akaendelea na hadithi yake ya chuo. Hakujua kama alikuwa ameuondoa. Sikumwambia.

Basi ndilo nilitakalo ulijue, mwanangu, kabla hujafunga mabegi. Huko uendako watoto wako hawatakuwa na shangazi wa kuwachukua wala uwanja wa jirani. Watakuwa na wewe, na siku moja ya wiki. Siku hiyo iwe yao. Watoe nje mwenyewe, hata kama ni kuzunguka jengo, hata kama huna wa kuongea naye zaidi ya mbuzi wa mawe. Mtu akikuomba mtoto akamtembeze, muulize anakwenda wapi na ana shida gani huko. Awe mlokole, awe shemeji, awe baba yake mzazi, muulize. Mtoto akirudi, usiangalie puto. Mguse mgongo. Na karatasi zako zikifa, rudi nyumbani na aibu yako mkononi, aibu inazoeleka. Lakini usimfundishe mtoto kutokukujua, wala usimwachie mtu amfundishe. Hilo likishaingia halitoki, mimi nimelikuta kwenye basi.

Nenda basi, Mungu akutangulie. Akupe bustani karibu na unapolala, na jirani mkali wa kukugombeza kwa lugha usiyoijua. Mgongo wa mwanao usikaukiwe na jasho la shida zako. Na kila utakapomgusa shingoni, mbele ya mtu yeyote, mikono yake ipande.